Wamalabari na Zawadi za Vitabu Vyao

Mwezi wa Oktoba mwaka 2022 nilimsindikiza ami yangu India kwenda kupasuliwa moyo. Tulifikia Kochi, mji wa bandari katika jimbo la Kerala, nchi ambayo wazee wetu wa majahazi wakiijua kwa jina la Malabari, kulikotoka mbao za msaji, pilipili manga na kamba za makumbi. Madaktari walisema mgonjwa lazima apimwe kwanza siku tano kabla ya kuguswa na kisu. Binamu yangu ndiye aliyelala naye wodini, na mimi nikawa sina kazi ila kushinda kwenye kibanda cha chai nje ya lango la hospitali.

Asubuhi moja nikakuta pale watu wamezozana. Gazeti limetandazwa mezani, huyu anapiga kidole kwenye picha ya ukurasa wa kwanza, yule anatikisa kichwa, na muuza chai mwenyewe ameacha maziwa yakifurika jikoni. Nikadhani ni siasa, au labda mpira. Alikuwapo mhudumu mmoja wa hospitali aliyewahi kufanya kazi miaka mingi Sharjah, ambaye tukisemezana naye kwa Kiarabu cha sokoni. Nikamuuliza, kulikoni? Akacheka. "Ikka," akaniambia, na hivyo ndivyo Waislamu wa huko wamwitavyo kaka mkubwa, "ni kitabu. Kitabu kimepata zawadi."

Sikuamini, ndugu msomaji, na nadhani nawe hungeamini. Watu wazima, tena wabeba mizigo na madereva wa teksi, wanagombana saa moja ya asubuhi kwa ajili ya riwaya!

Hiyo ilikuwa zawadi ya Vayalar, na kitabu kilikuwa *Meesha*, yaani Masharubu, cha S. Hareesh. Kisa chake ni cha mtu wa tabaka la chini katika nchi ya mabwawa na mashamba ya mpunga, aliyepewa nafasi ya polisi katika mchezo wa kuigiza, akafuga masharubu kwa ajili ya mchezo, na mchezo ulipokwisha akakataa kuyanyoa. Mtu wa tabaka lake hakuwa na haki ya kuwa na masharubu ya namna ile, na fitina yote inaanzia hapo. Mwaka 2018 riwaya hii ilikuwa ikichapishwa kwa sehemu katika jarida la kila wiki. Maneno ya wahusika wawili juu ya wanawake waendao hekaluni yakawaudhi baadhi ya Wahindu, mwandishi na jamaa zake wakatishwa, naye akaiondoa jaridani baada ya sura tatu. Kampuni nyingine ikaichapisha kitabu kizima. Wakaenda watu Mahakama Kuu ya India kutaka kipigwe marufuku, na Septemba ya mwaka huohuo mahakama ikawakatalia. Baadaye tafsiri yake ya Kiingereza ikapata zawadi kubwa ya JCB mwaka 2020, ambayo wakati ule ilikuwa rupia laki 25. Ndiyo maana pale kibandani wengine walisema majaji wamefanya ushujaa, na wengine wakasema wamechokoza. Wote, kwa kadiri nilivyotafsiriwa, walikuwa wamekisoma.

Laki hizo, kwa njia, ni laki zetu zilezile. Neno limevuka bahari pamoja na mchele.

Siku hiyo nikaanza kuuliza, na kila niliyemwuliza alikuwa na la kusema. Kimalayalam, lugha ya Kerala, kina zawadi za vitabu nyingi hata mgeni huzichanganya. Iko ya serikali kuu mjini Delhi, Sahitya Akademi, ambayo tangu mwaka 1955 hutoa zawadi kila mwaka kwa kitabu kimoja kimoja katika lugha za India. Sasa lugha hizo ni 24, na Kimalayalam kimo tangu mwanzo. Iko ya jimbo lenyewe, Kerala Sahitya Akademi. Baraza hili la fasihi lilizinduliwa tarehe 15 Oktoba 1956, na jimbo la Kerala likazaliwa tarehe 1 Novemba ya mwaka huohuo. Yaani waliunda baraza la lugha yao wiki mbili kabla ya kuunda serikali yao! Tangu 1958 baraza hilo hutunza mashairi, riwaya, hadithi fupi, tamthilia, tahakiki, maisha ya watu, vitabu vya safari, na hata vitabu vya kuchekesha. Fedha zake si nyingi, rupia 25,000, lakini jina la mtu hubadilika. Vayalar, iliyoanza 1977, hutolewa kila tarehe 27 Oktoba, siku aliyofariki mshairi Vayalar Ramavarma mwaka 1975. Mtu wa kwanza kuipata alikuwa mwanamke, Lalithambika Antharjanam, kwa riwaya yake moja tu, *Agnisakshi*.

Lakini iliyonigusa zaidi ni ya Odakkuzhal, maana yake zumari ya mwanzi. Mshairi G. Sankara Kurup ndiye mtu wa kwanza katika India nzima kupewa Jnanpith, zawadi kuu ya fasihi ya nchi ile, mwaka 1965, kwa diwani yenye jina hilo. Fedha alizopata hakuzijengea nyumba. Alichukua fungu lake akaliwekea wakfu ili kila mwaka atunzwe mtunzi mwingine wa Kimalayalam. Mwenyewe alifariki tarehe 2 Februari 1978, na zawadi ingali ikitolewa siku hiyohiyo. Wakfu wa mashairi! Sisi tunawekea wakfu visima na misikiti, na ni jambo la kheri, ila hili la kuwekea wakfu mashairi lilinikaa moyoni kwa sababu nitakayoieleza.

Katika kasha la marehemu nyanya yangu, mamake ami huyohuyo aliyelala hospitalini, mlikuwa na daftari la utenzi. Aliutunga mwenyewe kwa hati za Kiarabu, beti mia mbili na kitu, juu ya babu yangu aliyesafiri na jahazi kwenda Arabuni asirudi. Mchwa waliingia kasha lile kabla hatujajua. Kurasa za katikati zimekuwa kama chujio. Miaka kadhaa iliyopita nilizipeleka zile zilizosalia kwa mchapishaji mmoja wa vitabu. Alinipokea kwa adabu, akanipa chai, akaniambia kwamba kitu kama kile hakina soko. Ami ndiye mtu pekee aliyebaki duniani anayeujua utenzi ule kwa moyo, na ndiye aliyekuwa akingoja kisu. Nilikuwa nimezipiga picha kurasa zile kwa simu yangu, sijui hata kwa nini nilisafiri nazo.

Yule mhudumu nilipomwonyesha picha hizo alizitazama sana. Akasema kwao Kozhikode, huo mji ambao sisi twauita Kalikuti, yuko mzee wake, mwalimu wa madrasa wa zamani, mwenye vitabu vya namna hiyo. Kesho yake alikuwa na likizo. Nilimwendea ami kumwomba ruhusa, naye akaniambia, "Enda. Ukikaa hapa utanifa wewe kabla yangu."

Tukapanda garimoshi. Ni mwendo wa saa nne hivi kuelekea kaskazini, na njia ile peke yake ni darasa. Kwanza tukapita Thrissur, ambako ndiko makao ya lile Baraza la Fasihi tangu 1957. Baadaye tukafika Tirur, alikozaliwa Ezhuthachan, mshairi wa karne ya 16 anayeitwa baba wa Kimalayalam. Kwa jina lake serikali ya jimbo ilianzisha mwaka 1993 heshima kubwa kuliko zote, Ezhuthachan Puraskaram, ambayo siku hizi ni rupia laki tano, na hutangazwa siku ya kuzaliwa jimbo. Hiyo haipewi kitabu, hupewa mtu kwa kazi ya maisha yake. Tirur imo katika wilaya ya Malappuram, ambako Waislamu ndio wengi. Katika Kerala nzima wao ni zaidi ya robo ya watu, nao huitwa Mapila.

Na hapa ndipo niliposhangaa kuona jinsi maisha ya Waislamu yalivyojaa katika vitabu vilivyotunzwa. Riwaya iliyopata zawadi ya jimbo mwaka ule wa kwanza, 1958, ilikuwa *Ummachu*, hadithi ya mwanamke wa Kimapila aliyempenda mmoja akaozwa mwingine, na damu ikamwagika. Mtungaji wake, Uroob, hakuwa Mwislamu. Punathil Kunjabdulla, daktari wa watu kwa kazi yake, alipata zawadi ya Delhi mwaka 1980 kwa riwaya ya ukoo wa matajiri wa Kiislamu na msikiti wao. N. P. Mohammed akaipata 1993. U. A. Khader, aliyezaliwa Burma kwa mama wa Kiburma na baba wa Kimalabari, akaja Kerala mtoto mdogo akikimbia vita, naye akaipata 2009. Khadeeja Mumtas, tabibu wa kina mama, alitunzwa na jimbo kwa riwaya ya mwanamke daktari anayefanya kazi katika nchi ya Saudia.

Kamala Das, ambaye kwa Kimalayalam aliandika kwa jina la Madhavikutty, alipata zawadi ya Vayalar mwaka 1997 kwa kumbukumbu za utoto wake. Miaka miwili baadaye akasilimu, akajiita Kamala Surayya, na kukawa na kelele nchi nzima. Alifariki 2009, akazikwa katika makaburi ya msikiti wa Ijumaa wa Palayam, katika mji mkuu wa jimbo.

Huyu mwenzangu wa safari mapenzi yake yalikuwa kwa Vaikom Muhammad Basheer, na nadhani angaliweza kumsimulia mpaka garimoshi lifike Bombay. Basheer, aliyefariki 1994, alifungwa na Waingereza akiwa kijana, akatangatanga miaka, na alipoandika hakutumia Kimalayalam cha maqadhi wa lugha bali kile cha jikoni kwao. Ana kisa cha familia ya Kiislamu iliyofilisika, ambayo mama wa nyumba hachoki kujigamba kwamba baba yake alikuwa na ndovu mkubwa mwenye pembe. Mwishoni watoto wa mtaani wanamwambia ndovu yule alikuwa si ndovu, bali ni kale kadudu kachimbako vishimo vya mchanga, ambako kwa lugha yao huitwa ndovu wa shimo. Nilicheka hadi abiria wakageuka. Nani wetu hana jamaa mwenye ndovu wa namna hiyo? Katika kitabu kingine mbuzi wa dada yake anakula vitabu vyake mwenyewe mwandishi, nakala baada ya nakala.

Basi mtu huyu, anayependwa kuliko wote, Delhi haikumpa kamwe zawadi ya kitabu cha mwaka. Ilimpa ufelo 1970, na Jnanpith hakuipata. Mwenzangu alilisema hilo kama mtu anayeeleza deni lisilolipwa. Niliridhika kusikia kwamba huko pia majaji hukosea.

Na si majaji tu wanaolaumiwa. Mwaka 2015 mwanachuoni M. M. Kalburgi, ambaye naye alikuwa amewahi kutunzwa na Delhi kwa lugha ya Kikannada, aliuawa kwa risasi nyumbani kwake, na waandishi wengi wakaona baraza lililomtunza limenyamaza mno. Sara Joseph wa Kerala akarudisha zawadi yake. K. P. Ramanunni alipotunzwa na Delhi kwa mwaka 2017, fedha zake alimpa mama wa kijana Mwislamu aliyeuawa na watu ndani ya garimoshi mwaka huo. Ramanunni ni Mhindu. Mwenzangu alinieleza hili kwa sauti ya chini, nasi tumo ndani ya garimoshi.

Tulipokaribia Kozhikode akaniuliza kama twamjua S. K. Pottekkatt. Nikasema la. Akaniambia, yeye aliwajua nyinyi. Kumbe mtu huyu, mwenyeji wa Kozhikode, alipanda meli mwaka 1949 akaja Afrika, akatembea, akarudi kwao akaandika vitabu vya safari ambavyo watu wa huko walivisoma kama hadithi za Sindbad. Kimoja kinaitwa *Simhabhoomi*, Nchi ya Simba. Baadaye mwaka 1962 alichaguliwa mbunge, na mpinzani aliyemshinda alikuwa mwandishi vilevile! Riwaya yake ya mtaa aliokulia ilipata zawadi ya jimbo, ikapata ya Delhi, na kwa hiyo akapewa Jnanpith ya 1980. Sanamu yake imesimama mjini. Nilisimama mbele yake nikitamani kumwuliza alituonaje, maana vitabu vile vimo katika lugha nisiyoijua, na mtu kuandikwa asiweze kujisoma ni jambo la kukera.

Yule mzee tulimkuta Kuttichira, mtaa wa kale wa Waislamu, kando ya msikiti wa mbao uliojengwa na nahodha mmoja mwenye merikebu karne nyingi zilizopita na kuchomwa na Wareno mwaka 1510. Neno lao la nahodha ni letu. Nyumba za mtaa ule ni za upande wa kikeni, mume huhamia kwa mkewe, na mtu wa Lamu asingeona mengi ya kumshangaza. Mzee akatoa vitabu vyake. Ni Kimalayalam kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu, kama sisi tulivyoandika Kiswahili chetu, na kama sisi waliongeza nukta hapa na pale kwa sauti ambazo Mwarabu hana. Kilicho kikongwe kuliko vyote chenye tarehe ni kasida ya kumsifu Sheikh Abdulqadir Jilani, iliyotungwa na Kadhi Muhammad wa Kalikuti mwaka 1607. Mzee alisema mamake akiisoma kila jioni baada ya Magharibi.

Nikampa simu yangu yenye picha. Akavaa miwani, akasoma.

Alisoma utenzi wa nyanya yangu. Hakujua neno hata moja, ila irabu zilikuwepo, naye akazifuata, polepole, kama mtu apitaye nyumba ya watu gizani akipapasa kuta. Aliposhindwa na herufi alisimama, akauliza kwa macho. Vina vilipofika aliviona, akaanza kuvitazamia kabla havijafika. Mimi nikamfungulia mashine ya kunasa sauti. Kisha akanipa kitabu chake nisome, nikasoma ukurasa mzima wa Kimalayalam mbele ya watu wa nyumba, watoto wakaviringika kwa kicheko.

Kabla hatujaondoka mzee aliuliza mwenye utenzi huu alipata zawadi gani. Mhudumu alinitafsiria swali lile. Nikajibu kwamba haukuwahi kuchapishwa. Mzee akafikiri kuwa nimefahamu vibaya, akaliuliza tena.

Si kwamba Kerala ni pepo ya waandishi. Lakini zawadi zile hazikusimama juu ya hewa. Mwaka 1945 waandishi wa huko waliungana mjini Kottayam wakaanzisha chama chao cha ushirika cha kuchapisha vitabu vyao wenyewe, wakalipana vizuri kuliko mchapishaji yeyote. Mwaka huohuo P. N. Panicker akaunganisha maktaba 47 za vijijini, zikazaa nyingine kwa maelfu. Tarehe 18 Aprili 1991, katika uwanja wa Mananchira mjini Kozhikode, jimbo lilitangazwa kuwa watu wake wamejua kusoma, na aliyepewa kulisoma tangazo hilo alikuwa mama wa Kiislamu kutoka Malappuram aliyejifunza herufi ukubwani. Mwaka mmoja baada ya safari yangu, Oktoba 2023, UNESCO ikaitaja Kozhikode kuwa mji wa fasihi, wa kwanza katika India. Sisi pia tuna zawadi. Ile ya Jomo Kenyatta imekuwapo tangu 1974, na tangu 2014 iko ya Kiswahili iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell. Ila sijawahi kuona mtu akiacha maziwa yafurike kwa sababu yake.

Njiani kurudi mhudumu alinunulia kwenye stesheni kitabu kingine akanipa, ingawa alijua siwezi kukisoma: *Aadujeevitham* cha Benyamin, Maisha ya Mbuzi, kilichotunzwa na jimbo kwa mwaka 2009 na kupigwa chapa zaidi ya mara 100. Ni kisa cha kijana wa Kerala aliyekwenda Saudia kutafuta riziki, akachukuliwa uwanjani wa ndege na mtu asiye wake, akatupwa jangwani kuchunga mbuzi miaka na miaka. Alinisimulia chote, na sikuhitaji maelezo. Mtaani kwetu ziko nyumba zenye binti aliye Riyadh ambaye simu yake imenyamaza. Hakuna aliyeziandikia riwaya.

Usiku ule, mkesha wa kupasuliwa, nilimfungulia ami ile sauti. Alikuwa amelala chali, mipira imemwingia mkononi. Alisikiliza kitambo akiwa amefumba macho, nikadhani hajaujua. Kisha akasema, "Nani huyu mwenye kuuharibu utenzi wa mama?" Akaanza kumsahihisha. Alipofika pale kurasa zilipoliwa na mchwa hakusimama. Nikatafuta karatasi, nikapata nyuma ya fomu za hospitali, nikaandika mbio. Tulifika beti ya 140 nesi alipokuja kuzima taa.

Siku ya tatu baada ya kisu walimtoa mpira wa koo. Sauti ilikuwa haijamrudi sawasawa, nikainama kumsikia. Akauliza tuliishia beti gani.